Mtoto Mweupe wa Doria

Mwezi uliopita nilimpeleka mbwa wetu kuchanjwa hapa Masasi mjini. Foleni ilikuwa ndefu. Mbwa walikuwa wamefungwa kwa kamba za katani, kwa vipande vya khanga, na mmoja hata kwa mkanda wa suruali. Bwana mifugo, kijana mpole, alikuwa akijaza kadi. Jina la mwenye mbwa. Jina la mbwa. Umri. Kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Rangi?"

Macho yangu yalikuwa kwa jike mmoja mbele ya foleni, mbwa wa Kijerumani, wale ambao sisi tulizoea kuwaita mbwa wa polisi. Masikio wima, miguu na kifua rangi ya asali, mgongo mweusi tii kama ametandikwa kitambaa. Mbwa wa namna ile nilikuwa sijamwona kwa karibu tangu utotoni. Bwana mifugo akaniuliza tena, nikamwambia aandike hudhurungi, nikachukua kadi yangu na kuondoka. Nilipofika nyumbani nikaenda kujilaza mchana ule ule. Wewe rafiki yangu nitakueleza sababu, maana mume wangu aliponiuliza nilimwambia ni jua.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, kwenye kijiji kimoja upande wa Mnyambe, juu kule Newala. Kama hujafika, ni nchi ya mchanga mwekundu na mikorosho, na shida yake kubwa siku zile ilikuwa maji. Tuliyafuata bondeni, chini kabisa ya mteremko. Unashuka alfajiri na ndoo tupu inakugongagonga mgongoni, unapanda jua limeshachoma, shingo imeingia kwenye mabega. Tone likimwagika unaliona kwa macho likinywewa na mchanga. Bibi alikuwa akisema, "Maji ya kupanda nayo mlima hayaogewi mara mbili," na kweli ya kunawia uso yaliishia kwenye mche wa mpapai.

Lakini utamu ulikuwapo. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinuka mabibo, yale yaliyoiva na yale yaliyoanza kuchacha chini ya miti. Tulikula mpaka kooni kukakwaruza na nguo zikaingia madoa yasiyotoka. Kiangazi tulichimba ming'oko, vile viazi vya porini, bibi akaichemsha kwenye chungu kilichofunikwa kwa majani, tukaimenya ya moto tukipuliza vidole. Ugali wa muhogo, kisamvu kilichopondwa na kutiwa nazi, mbaazi. Sikumbuki njaa. Nakumbuka kiu.

Jirani yetu wa upande mmoja tulimwita Afande. Alikuwa amestaafu upolisi, na miaka yake yote ya kazi alikuwa mtu wa mbwa. Aliporudi kijijini hakuja na vitu vingi: sanduku la bati, kitanda cha chuma, na jike mmoja wa Kijerumani aitwaye Doria. Watu wa kwetu walishangaa. Mbwa kwetu ni yule mwembamba wa kuwindia, hapewi chakula mezani wala hasemeshwi. Afande alikuwa akimsemesha Doria kama mtu. "Doria, kaa." Doria anakaa. "Doria, tafuta." Doria anatafuta mpaka anapata, kisha anaketi mbele ya alichokipata, kimya, anamtazama bwana wake. Ndivyo alivyofundishwa.

Jirani wa upande wa pili alikuwa mama mjane mbangua korosho. Alizikaanga juu ya kipande cha pipa kilichotobolewa matundu, moto ukazilamba, moshi mzito mweusi ukapanda ukiwasha macho mtaa mzima, kisha akazimwaga mchangani na kuzigonga moja moja kwa jiwe. Mafuta meusi yaliyotoka kwenye maganda aliyakinga kwenye kopo. Yalikuwa ya kupaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa.

Baina ya Afande na mama yule kulikuwa na jambo, na kila mtu alilijua. Afande alikuwa akimpasulia kuni. Mama alikuwa akimpelekea bakuli lililofunikwa kawa. Bibi alipoliona bakuli likipita alikohoa na kutabasamu. "Huyo Afande," aliniambia siku moja, "kilichobaki ni mkeka tu kutandikwa." Kizuizi kilikuwa mbwa. Wote wawili walikuwa Waislamu, ila Afande kazi ilikuwa imemzoesha. Mama wa korosho hakuzoea. Alisema waziwazi, mbele za watu, huku akicheka, "Siku nikiingia nyumba ile, mbwa atoke." Naye Afande akicheka humjibu, "Doria ana cheo kuliko wewe, Mama Zuhura. Subiri astaafu."

Mwaka ule Afande alipata habari ya mwenzake wa zamani, aliyekuwa akiishi Mtwara, mwenye dume la kabila lile lile. Wakapatana. Dume likaletwa, likakaa siku chache, likarudishwa. Makubaliano yalikuwa kwamba watoto wakizaliwa, mwenye dume atachagua wa kwanza.

Doria alizaa watoto sita, kwenye banda la mianzi nyuma ya nyumba. Kwa bibi nilikuwa nimekatazwa kuwashika. Mate ya mbwa ni najisi, na mahali palipoguswa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mara ya kwanza bibi aliponinusa na kugundua, alishika kichwa. "Mara saba! Na hayo maji ya mara saba nani kayapandisha?" Nilishuka bondeni peke yangu adhuhuri kuyafuata. Kesho yake nilikwenda tena bandani.

Afande aliona naja kila siku, akanifanya mwanafunzi. Alikuwa akiniketisha kwenye gogo na kunipangia watoto wale mmoja mmoja.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, mjukuu. Haya, hesabu rangi. Hawa watatu wamefuata mama yao. Sasa unawaona weusi karibu wote, lakini subiri, miguu itafunguka iwe ya hudhurungi na weusi urudi mgongoni. Huyu mmoja ni mweusi hasa, hatabadilika. Huyu wa rangi ya nyika kamfuata baba yake. Tazama unywele mmoja, chini wa njano, nchani mweusi. Atageuka geuka rangi mpaka utachoka. Kazini nimewahi kuona hata wa rangi ya ini."

"Na huyu?"

Wa sita alikuwa mweupe. Mweupe kama muhogo uliomenywa na kuanikwa juani, yale makopa ya bibi juu ya paa. Mimi nilikuwa nimeshampa jina, Kopa. Pua yake ilikuwa nyeusi na macho meusi, alitembea akiyumba, na alipenda kulala juu ya unyayo wangu.

Afande alimnyanyua na kumtazama kwa muda. "Huyu ataniletea maneno," alisema.

Akanieleza, na maelezo yale sijayasahau, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyewahi kunieleza jambo kwa utaratibu vile. Alisema weupe ule haukutoka kwa koko wa mtaani, wala Kopa hakuwa zeruzeru. Ni rangi iliyolala. Baba anayo asiionyeshe, mama anayo asiionyeshe, wanaweza kuzaa na wengine maisha yao yote isionekane. Wakikutana wawili wote wanayo, ndipo inaamka kwa mtoto mmoja au wawili. "Lakini nani ataamini?" alisema. "Mwenye dume ni mtu wa utaratibu. Atasema Doria alitoka nje. Atasema hata hawa watano ni machotara. Na kikosini mweupe alikuwa hachukuliwi. Anaonekana kutoka mbali."

Barua ilikuja kwamba mwenye dume atafika Jumapili. Alhamisi jioni nilikuwa nyuma ya banda, nikamsikia Afande akizungumza na mama wa korosho kwenye ua.

"Kabla ya Jumapili huyu mweupe itabidi nimwondoe," Afande alisema.

"Afadhali. Na hao wengine watafuata lini?"

Wakacheka wote wawili. Mpaka leo sijui Afande alipokusudia kumwondoa alikuwa na maana gani, kumpa mtu au kumwua. Sikuuliza. Mtoto hawaulizi wakubwa maneno aliyoyasikia kwa kujificha. Mimi nilisikia kuuawa, na usingizi ulipokuja nilikuwa nimeshaamua.

Ijumaa mchana wanaume walikuwa msikitini na bibi yuko shamba. Mama wa korosho alikuwa amekwenda kisimani bondeni. Nilichukua lile kopo lake la mafuta ya maganda, nikakwangua masizi kwenye tako la chungu chetu, nikachanganya. Ulikuwa weusi mzuri, unang'aa. Nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikaingia bandani.

Utaniuliza kama sikujua mafuta yale yanachoma. Mtoto gani wa Newala asiyejua? Wote tuliwahi kung'ata korosho mbichi na kubaki na midomo iliyochunika. Lakini nilimwona mama wa korosho akiyashika kila siku, na mikono yake haikuwa na kidonda. Sikuwa nimeangalia vizuri kwamba kila mara kabla ya kuanza kazi alijipaka majivu mpaka kwenye viwiko. Nilidhani mafuta yakishapita motoni yamekufa ukali. Nilidhani pia manyoya yatazuia. Basi nikampaka. Mgongo mzima, kuanzia shingoni mpaka mkiani, kwa uangalifu kama anayekandika ukuta. Kopa akadhani ni mchezo, akatikisa mkia. Nilipomaliza nikasogea nyuma nikamtazama, na alikuwa mzuri, nakuambia kweli. Mgongo mweusi kama wa mama yake. Nikasema moyoni, sasa hakuna wa kumsema.

Kisha akageuza shingo, akaanza kujilamba.

Sauti za watu wanaorudi kutoka msikitini zikasikika njiani. Niliogopa, nikalitupa kopo pale pale, nikakimbia. Nilikuwa kwenye kinu cha bibi, nimeshika mchi nikitwanga muhogo ambao ulikuwa umeshakuwa unga, nilipomsikia Kopa. Mbwa mdogo vile, sikujua ana sauti kubwa kiasi kile.

Afande alimwosha kwa sabuni na majivu. Nilichungulia kwenye ua nikamwona akichota kwenye pipa lake, ndoo baada ya ndoo, akimwagia, mchanga ukinywa, mpaka nikasikia kata inakwangua chini ya pipa. Haikusaidia. Ngozi ya mgongoni ilikuwa imeanza kutoka na manyoya, na mdomo na ulimi vilivimba hata asiweze kunyonya. Doria alitaka kumlamba, ikabidi Afande amfunge kamba mbali. Jike yule alilia mpaka usiku.

Jumamosi asubuhi Afande aliwaita mama wa korosho na bibi uani kwake. Mimi nilikwenda nyuma ya bibi. Kopo lilikuwa limewekwa katikati, juu ya gogo lile lile nililozoea kukalia.

"Mama Zuhura, kopo hili la nani?"

"La kwangu. Nimelitafuta tangu jana."

"Limefikaje bandani kwangu?"

"Wewe ndiye polisi. Niambie."

"Nakuuliza kwa wema."

"Nami nakujibu kwa wema. Wallahi, mbwa siwapendi, hilo sijakuficha hata siku moja. Lakini sijafikia kumchoma kiumbe wa Mungu."

Afande alikwenda kumfungua Doria, akamleta mpaka kwenye kopo, akamnusisha mpini wake wa waya. "Doria, tafuta."

Doria alilinusa kopo kwa muda mrefu. Akapita mbele ya mama wa korosho bila hata kugeuza kichwa. Akampita bibi. Akaja kwangu, akaninusa vidole, akaketi mbele yangu kimya, akamgeukia bwana wake na kumtazama.

Nilijua alichokisema yule mbwa, na nilidhani kila mtu uani amekijua. Nikafungua kinywa. Kama Afande angenyamaza kidogo tu, ningesema.

Lakini alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hata huyu kachanganyikiwa na uchungu," alisema. "Anamkimbilia rafiki yake." Akamvuta Doria kwa ukosi. Doria hakutaka kusimama, ikabidi amkokote, na mimi nikafunga kinywa.

"Nimefanya kazi ya ushahidi miaka yangu yote," Afande akamwambia mama wa korosho. "Kopo lako. Mafuta yako. Na maneno yako, nimeyasikia kwa masikio yangu."

"Na mimi mwenyewe je?" mama alisema. "Nikikuambia sikufanya, huo si ushahidi?"

Afande alitazama kopo. Mama akajifunga khanga yake vizuri kifuani, akalichukua kopo lake, akaenda zake taratibu, kama mtu aliyebeba maji.

Jioni ile bibi alinishika mkono, akaufungua. Ncha za vidole zilikuwa zimeanza kuchunika.

"Umefanya nini?"

"Korosho mbichi, bibi."

"Korosho mbichi huchoma midomo."

Alileta kata ya maji na udongo kidogo, akaninawisha. Alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kila siku wiki ile, tukiwa kwenye kinu au tukichambua mbaazi, alinyamaza kwa namna ya mtu anayesubiri, na mimi nikawa naimba nyimbo za shule. Baadaye akaacha kusubiri. Sijui kwa nini yeye hakusema. Labda aliona ni mdomo wangu uliotakiwa kusema, labda alinionea huruma. Huruma ile ilimgharimu mtu mwingine.

Kopa alikufa Jumapili alfajiri. Mwenye dume alifika kabla ya adhuhuri, mtu mrefu mwenye kofia, akawatazama watoto kwa makini, meno, masikio, miguu. Akasema aliambiwa ni sita. Afande, kwa kuwa hakujua kusema uongo, akamwambia wa sita alikuwa mweupe na yaliyompata.

Yule mtu alivua kofia. "Mweupe? Mama wa dume langu alizaa weupe wawili. Walikufa kwa homa, mpaka leo natafuta mwingine. Huyo ndiye ningemchukua."

Afande alikaa chini kwenye gogo.

Mama wa korosho alihama mvua za kwanza zilipoanza. Alikwenda kwa kaka yake, Lupaso. Aliondoka na kile kipande cha pipa kichwani, na wanawake wakamsindikiza mpaka barabarani. Afande alikuwa ndani. Tangu siku ile hakuna aliyempelekea bakuli lililofunikwa, na sikumwona tena akipasua kuni nyingi kuliko za kumtosha mwenyewe. Alinifundisha mambo ya mbwa mwaka mmoja zaidi, kisha mimi mwenyewe nikaacha kwenda, kwa kuwa kila nilipoingia uani Doria alikuja kuketi mbele yangu na kunitazama.

Nilikua, nikasoma, nikaolewa Masasi. Nikazaa. Bibi alipofariki nilipanda Newala kumzika, na siku ya tatu ya msiba nikavuka ua. Afande alikuwa mzee kabisa, amekaa kwenye kiti cha kamba, ukoo wa Doria ulikuwa umekwisha zamani. Nikamwamkia, nikakaa chini mkekani, nikamwambia yote tangu masizi ya chungu.

Nilitegemea anipige kwa fimbo yake, na ningefurahi.

"Mama Zuhura anajua?" aliuliza.

"Nimesikia alifariki, Afande. Mwaka juzi."

Akatikisa kichwa. "Alikuja hapa, unajua? Mwaka uliofuata, msimu wa ming'oko. Alisimama pale langoni na sahani. Nilimwona kupitia dirishani. Akabisha hodi mara tatu." Alitazama lango kana kwamba sahani ingali pale. "Sikumwitikia. Nilisema, mtu wa ushahidi hageuki."

Nikamwomba msamaha. Alisema amenisamehe, nilikuwa mtoto. Kisha akasema, "Lakini mjukuu, miaka hii yote umekuwa mtu mzima." Mwaka uliofuata naye akazikwa.

Siku hizi maji yamefika, wana bomba karibu na shule, na watoto wa pale hawaijui tena ile njia ya bondeni. Korosho zinauzwa ghafi kwa magunia, huoni tena moshi mweusi wa mama wa mtaani anayekaanga. Banda la mianzi limelimwa, mikorosho michanga imepandwa mpaka kwenye uwanja wa Afande. Ukimwuliza kijana wa pale kuhusu mbwa sita wa rangi nne waliozaliwa na mama mmoja, atakucheka.

Baada ya siku ile ya chanjo, nilifunga safari mpaka Lupaso. Wifi yake mama wa korosho, kizee mwenye miwani, alinipokea vizuri bila kuuliza mimi ni nani hasa. Nilimwambia tulikuwa majirani Newala. Akanipeleka makaburini, akanionyesha. Nikachuchumaa, nikainua mikono, nikasema kwa sauti ya chini kabisa kila nilichopaswa kukisema uani siku ile, kopo, kijiti, mbwa aliyeketi mbele yangu, na kwamba yeye hakufanya. Niliposhusha mikono usoni, kizee yule, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akadhani nimemaliza dua.

"Amina," alisema. "Mungu akulipe, mwanangu. Wewe ndiye jirani wa kwanza kumkumbuka."

Nami sikumsahihisha.